Baridi Si Dharura

Jumatatu, 15 Aprili

Baraza la chifu asubuhi. Mvua kubwa inakuja. Sisi tunaoishi kando ya mto hapa Suna tumeambiwa tuhamie juu. Asiyeweza kuhama afunge vitu vyake vya lazima pamoja, aviweke karibu na mlango. Nimelisikia vizuri hilo la pili. La kwanza ni la wenye fedha.

Jirani yangu Barnabas Maroa, mchuuzi wa mbuzi, alisimama akauliza kama serikali itatoa masanduku ya kufungia vitu hivyo. Chifu akamjibu kwamba serikali imetoa onyo, na onyo halilipiwi. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa ninapanga.

Nilikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika mpaka nilipostaafu. Hakuna gunia lililopotea mikononi mwangu. Mtu wa namna hiyo hawezi kushindwa na sanduku moja.

Jioni binti yetu Joyline alipiga simu kutoka Rangwe. Anataka mama yake aende kwake hadi mvua zipite, kwa sababu ya kifua. Kifua cha mke wangu Kemuma hakipatani na Aprili. Joyline amemtengea chumba cha nyuma chenye mlango wake, ili heshima kati yake na mkwe isivunjwe. Mimi pia nimekaribishwa. Nikamwambia kwamba mwanamume halali kwa mkwewe, hata mlango uwe wa dhahabu. Katika hilo sisi Wakisii na wakwe zetu Wajaluo hatujawahi kugombana.

Kemuma alikuwa akisikiliza kando. Akasema basi atabaki, kwa kuwa hawezi kuniacha peke yangu na mto. Ila nimwahidi jambo moja tu: hatapata baridi.

Nimemwahidi.

Jumanne, 16 Aprili

Sanduku limepatikana. Ni lile la bati ambalo Joyline alikwenda nalo shule ya bweni. Jina lake bado liko juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe. Bawaba zina kutu lakini zinatii.

Siri ya kujiandaa bila fedha ni hii: usinunue ulicho nacho nyumbani. Nimeingiza sufuria ndogo, vikombe viwili, kisu, sukari na chumvi. Nimenunua kufuli tu. Kufuli jipya, zito, la kuaminika. Sanduku lisilo na kufuli ni kikapu.

Kemuma alikwenda jikoni kupika chai, akauliza sufuria iko wapi. Nikamweleza. Akapika chai ya watu wawili katika sufuria kubwa ya ugali, tukainywa kwa mabakuli. Ilikuwa na ladha ya ugali. Kemuma alilitazama bakuli lake kama mtu anayetazama kisimani.

Kisha utaratibu. Katika ushirika, mwenye stoo hashiki ufunguo na mwenye ufunguo hashiki stoo. Ndivyo tulivyokaa miaka yote bila wizi na bila lawama. Kwa hiyo nimeufunga ufunguo kwa kamba, nikamvisha Kemuma shingoni. Nikampa sharti kwamba sanduku halifunguliwi mpaka dharura. Akauliza nani atakayeamua kwamba sasa ni dharura. Nikamwambia, mtunza stoo.

Akasema alidhani ameolewa na mtu aliyestaafu.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nuru. Pamela, anayeuza mandazi barabarani, hufagia kanisa la Wakatoliki kila Jumatatu. Nilijua kwamba vipande vya mishumaa haviwezi kutupwa na mwanamke mwenye akili. Nikamwendea. Alikuwa na mfuko mzima. Nikamwuliza, kwa heshima, kama vimeombewa. Mimi ni Msabato, lazima niulize.

Pamela aliniambia kwamba nuru haina dhehebu. Akaongeza kwamba nikivikataa, yuko mama wa kwao anayevitaka kwa kung'arishia sakafu. Nikavichukua. Bure kabisa.

Nikiwa njiani nimebeba mfuko wangu, nikasikia filimbi. Barnabas. Binti yake Bhoke amemtumia kutoka Nairobi begi jekundu la dharura, la dukani, lenye tochi, bandeji, na filimbi inayoning'inia kwenye mkanda. Alikuwa amesimama kwenye ua akipuliza. Nikamwuliza filimbi ni ya nini. Akasema ni ya kuwaita waokoaji. Nikamwambia kwamba sauti yake imekuwa ikisikika mpaka Ogwedhi tangu alipoanza kuuza mbuzi, hahitaji msaada. Akacheka, akapuliza tena. Akauliza mfuko wangu una nini. Nikasema vifaa. Kipande kimoja cha mshumaa kikaanguka, kikabingirika hadi miguuni pake. Akakiokota, akaniuliza kama nimebadili kanisa.

Kemuma alicheka jikoni. Ni muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Sikufurahia sababu yake.

Ijumaa, 19 Aprili

Siku ya maandalio. Chakula. Nimepata samaki mkavu sokoni, vipande vikubwa, kwa bei ya aibu. Nilijipongeza njia nzima. Kemuma alifungua karatasi, akanusa, akaniuliza kwa upole, "Baba Joyline, huyu alikuwa na magamba?"

Nikamgeuza. Kambare, samaki asiye na magamba, mwiko kwetu. Ndiyo maana alikuwa rahisi: sokoni walinijua kwa tai yangu ya kanisani na bado waliniuzia. Msabato hawezi kuokolewa na kambare. Nimempa Barnabas, naye akamla pale pale kwenye ua akinitakia Sabato njema.

Badala yake nimefunga omena wa Kemuma, dagaa wakavu aliokuwa amewatunza jikoni kwa ajili ya wiki ijayo. Chakula cha jioni kilikuwa ugali na mboga ya sukuma bila chumvi. Chumvi iko sandukuni.

Jua lilikuwa limekwisha kutua, Sabato imeingia, nilipokumbuka betri za tochi.

Sabato, 20 Aprili

Mhubiri alihubiri juu ya Nuhu. Alisema Nuhu alichekwa na majirani. Nilitazama mbele, lakini nilijua ananisema mimi kwa wema.

Tatizo la betri. Kununua siku ya Sabato ni dhambi. Nikaona njia: nichukue leo kwa mkopo, nilipe kesho. Huo si ununuzi, ni uaminifu kati ya ndugu. Kemuma akasema huo ni ununuzi wenye miguu mirefu. Nikaenda hata hivyo. Mwenye duka naye ni Msabato. Duka lilikuwa limefungwa, naye alikuwa kwenye kwaya ya alasiri, akinitazama kupitia dirisha la kanisa huku akiimba.

Nimezitoa betri kwenye redio yetu. Kemuma husikiliza nyimbo Jumapili asubuhi. Nimemwambia kwamba anaweza kuimba mwenyewe. Anazijua zote.

Hakuimba.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua tangu jana. Mto umebadilika rangi.

Jana, kabla ya kulala, nilikagua sanduku kwa macho ya ukaguzi wa mwaka. Halikuwa na blanketi. Sanduku la dharura lisilo na blanketi ni mzaha. Tunalo moja zito, la sufu, Kemuma alilinunua Joyline alipozaliwa. Nimelikunja vizuri, nikaliweka juu ya omena, kufuli likafungwa. Ili nisivunje ahadi, nimempa Kemuma magunia mawili ya ushirika, safi, yaliyofuliwa. Gunia ni kitu cha heshima. Limehifadhi mahindi ya wilaya nzima.

Alilala na sweta. Akaanza kukohoa. Akaniomba tulitoe blanketi, kwa usiku huo tu.

Nilimweleza kwa utulivu. Baridi si dharura. Baridi huja kila Aprili. Tukifungua leo kwa sababu ya baridi, kesho tutafungua kwa sababu ya chai, na mto ukija tutakuta sanduku tupu. Stoo nyingi zimekufa hivyo, kwa huruma ndogo ndogo.

Hakubishana. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Angeweza kunyoosha mkono tu. Sanduku liko hatua chache kutoka kitandani. Lakini alikuwa ameukubali utaratibu wangu, na Kemuma akikubali jambo amekubali. Nilimsikia akiugeuza ufunguo kwa vidole chini ya gunia, taratibu, huku na huku, mpaka nikalala.

Jumatano, 24 Aprili

Joyline amekuja kutoka Rangwe na gari la kukodi. Nadhani Barnabas alimpigia simu. Barnabas anakana, lakini hakuweza kunitazama usoni.

Joyline alisimama katikati ya nyumba. Alitazama rafu isiyo na vikombe. Redio isiyo na betri. Kitanda chenye magunia. Akauliza kama tumeibiwa. Nikamwonyesha sanduku na kumweleza mpango wote tangu mwanzo. Alisikiliza huku macho yake yakiwa kwenye jina lake juu ya kifuniko. Kisha akasema, "Baba, nilikaa bweni miaka minne na sanduku hili. Matroni wetu alikuwa mkali kuliko simba. Hata yeye hakutunyima blanketi."

Nikasema matroni hakuwa na mto mlangoni.

Kemuma alikuwa akipumua kwa sauti, kama mtu anayepanda mlima akiwa amekaa. Alifunga nguo zake katika leso moja. Nilimwambia kwamba sanduku limepungukiwa na kitu kimoja tu, kamba, na ninajua mahali pa kuipata bure. Akanisikiliza hadi mwisho. Yeye hunisikiliza hadi mwisho, hilo silipingi.

Mlangoni aliniita kwa jina langu. Si Baba Joyline. Okemwa. Akasema, "Mto ukija usibebe sanduku. Jibebe wewe."

Gari lilipopita kona ndipo nilipokumbuka ufunguo. Uko shingoni mwake. Nilishika simu, kisha nikaiweka chini. Kwa kanuni, ufunguo uko mahali pake. Mwenye stoo yupo kwenye stoo. Hakuna kosa lolote katika utaratibu.

Nyumba imekuwa kimya. Nimepika chai katika sufuria ya ugali. Nimepika ya watu wawili kwa mazoea.

Ijumaa, 26 Aprili

Ninaandika nikiwa katika ukumbi wa kanisa, kilimani.

Alasiri maji yaliingia. Hayakuja kwa kelele kama nilivyotarajia. Yalikuja kama mgeni anayeijua nyumba, yakapita chini ya mlango, yakazunguka miguu ya kitanda. Nilifanya kama nilivyopanga. Sikugusa kitu kingine, ila simu niliyotia mfukoni na daftari hili katika mfuko wa plastiki. Niliinua sanduku, nikatoka.

Ni zito. Sikuwahi kulipima likiwa limejaa. Kwenye mteremko niliteleza, nikakaa kwenye matope nimelikumbatia. Barnabas alipita na mkewe Marion na mbuzi mmoja. Begi jekundu hakuwa nalo. Alilisahau juu ya kabati. Alisema alikumbuka mbuzi kwanza, kisha mkewe, kisha akasahihisha mpangilio huo kwa sababu Marion alikuwa anasikia. Akampa Marion kamba ya mbuzi, akarudi, akashika mkono wa pili wa sanduku.

Jua lilitua tukiwa bado njiani. Nikasimama. Kubeba mzigo siku ya Sabato ni mwiko. Kisha nikakumbuka ng'ombe wa kwenye Injili, aliyetumbukia kisimani, ambaye tunaruhusiwa kumtoa hata siku ya Sabato. Nikamweleza Barnabas. Akauliza, kati yetu na sanduku, ng'ombe ni nani.

Sabato, 27 Aprili

Tuko wengi ukumbini. Nguo zangu hazijakauka.

Asubuhi watu waliwasha moto na kupata majani ya chai. Hakukuwa na sufuria wala sukari. Barnabas akawatangazia kwamba mzee Okemwa anazo zote mbili. Nikakubali kwamba ninazo. Wakasubiri. Nikalazimika kuwaeleza kwamba ufunguo uko Rangwe.

Kisha mtu akacheka kule nyuma, na kicheko kikaja mpaka mbele. Barnabas alileta jiwe ili avunje kufuli. Nilikataa. Kufuli ndicho kitu pekee cha sanduku hili nilichonunua. Likivunjwa, sanduku zima limepotea maana. Nikalikalia ili lisiguswe.

Nimekalia sanduku siku nzima. Ninatetemeka. Chini yangu, unene wa bati tu kati yetu, kuna blanketi kavu la sufu. Nadhani ninalisikia joto lake. Marion alikata leso yake, akanipa nusu. Mumewe akasema amewahi kuona kuku akilalia mayai, lakini ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu akilalia blanketi kwa mtindo huu.

Jioni Joyline alipiga simu kwa Barnabas, simu yangu imelowa. Mama yake amelazwa hospitalini Homa Bay. Mapafu. Wamemwekea hewa ya mtungi.

Barnabas aliponipa habari hiyo hakutania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu, 29 Aprili

Homa Bay. Jana barabara ilikuwa imekatika, leo imepitika. Nimekwenda na sanduku. Barnabas aliniambia niliache, yeye atalilinda. Sikuweza kueleza kwa nini nisiliache. Mlinzi wa lango la hospitali aliuliza kama ninahamia. Nikasema ninaleta vifaa vya mgonjwa.

Kemuma ni mdogo kitandani. Sijui kama alikuwa mdogo hivyo siku zote. Mrija puani. Shuka jembamba. Kamba bado iko shingoni, na ufunguo umelala kwenye shimo la koo lake, unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Joyline alisema wauguzi walitaka kuuvua, mama yake akakataa. Aliwaambia si wake, ameaminiwa tu.

Niliweka sanduku chini. Kemuma alilitazama, pamoja na tope lake na jina la mtoto wetu juu yake. Akauvua ufunguo polepole. Hakunipa papo hapo. Aliushika, akaniuliza, "Leo ni dharura?"

Nikasema ndiyo.

"Mtunza stoo ameamua?"

Nikasema ameamua.

Nikafungua. Blanketi lilikuwa kavu kabisa, lazima niseme, hakuna tone lililopenya. Nilimfunika mpaka kidevuni. Harufu ya omena ikajaa wodi nzima. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza kama chakula kimefika. Kemuma akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka muuguzi akaja mbio na kunitoa nje.

Nilisimama kwenye veranda nikiwa na ufunguo mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kushika stoo na ufunguo pamoja. Sikupenda.

Ijumaa, 3 Mei

Kemuma ametolewa hospitalini jana. Yuko Rangwe. Nilifika mchana. Chumba cha nyuma ni kizuri, saruji kavu, dirisha lenye kioo. Mkwe wangu Ochieng alinisalimia kutoka barabarani, kwa heshima, akiongea na ua wa michongoma kana kwamba mimi ndimi ua. Aliuambia ua kwamba ameingiza kitanda kipana na kwamba mzee asione taabu.

Blanketi limefuliwa. Liko kitandani, upande mmoja. Upande wa pili umeachwa wazi.

Kemuma hatarudi Suna. Alisema hivyo bila hasira, huku akinimiminia chai katika kikombe chenye mkono. Alisema kifua chake hakina miaka mingine ya kuujaribu mto. Akaniomba nikae. Nikamkumbusha kwamba mwanamume halali kwa mkwewe.

Akasema, "Ochieng analala nyumba ya mbele. Mimi ninalala hapa. Wewe utalala na mkeo, si na mkweo."

Nikamaliza chai. Kisha niliondoka, kabla ya magari kwisha.

Alisimama mlangoni amejifunika blanketi. Hakupunga mkono, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa inalishika blanketi.

Jumapili, 5 Mei

Suna. Maji yamerudi mtoni. Nimetoa tope nyumbani kwa koleo la Barnabas. Begi lake jekundu lilikutwa juu ya kabati, kavu. Amepuliza filimbi kusherehekea.

Asubuhi chifu aligawa misaada. Blanketi moja kwa kila nyumba. La kijivu, zito, jipya. Bure. Nililipima kwa mikono, nikaona ni bora kuliko lile la sufu.

Nimeliweka sandukuni. Safari hii omena wamefungwa peke yao katika mfuko, ninajifunza. Sufuria ndogo imerudi mahali pake sandukuni. Vikombe pia, vyote viwili. Nimelipaka rangi jina la Joyline upya, maana lilikuwa limechubuka njiani. Kufuli halikupata hata kutu. Limefungwa.

Umebaki ufunguo. Hauwezi kukaa kwangu, mimi ni mtunza stoo. Nimeufunga kwa kamba mpya, nikautia katika bahasha. Kesho asubuhi nitampa dereva wa Rangwe amfikishie Kemuma. Atauvaa. Hawezi kukaa na kitu alichoaminiwa bila kukileta mwenyewe siku kikihitajika. Ninamjua. Siku hiyo atakuta blanketi lake linamngoja, jipya, halijaguswa na mtu.

Barnabas aliuliza ninajifunika nini. Nikamwambia magunia yapo mawili, na mtu mmoja yanamtosha. Akanitazama, akaondoka bila kutania.

Mvua imeanza tena. Ninakohoa kidogo tangu asubuhi.

Si dharura.